Kuangusha Albamu ya Electropop ya Kitambo Ukiwa Keja: Rada Yote, Kutoka Biti ya Kwanza Hadi Doh

Kila mtaa Nairobi sai kuna msee ako na lapi, hedifoni na folda imejaa ngoma zenye hakuna mtu amewahi sikia. Wengi wako kwa drill, gengetone na amapiano. Lakini kuna mbogi ingine ndogo inapenda ile sauti ya 1983: ngoma za mashine, besi inarukaruka, kinanda kinang'aa na msee anaimba amepoa kama roboti imeachwa na dem. Hiyo ndiyo electropop ya kitambo, na ni moja ya miziki rahisi kutengeneza bila studio, bila bendi na bila lebo.

Kuitengeneza, sawa. Kuiachilia ndio wasee wengi huchomekea. Albamu inaweza kuwa moto na bado ikukulie renti ya miezi miwili, ama ikatoka mikononi mwako juu ya karatasi moja ulisaini haraka. Hii hapa njia yote, hatua kwa hatua.

Electropop ya kitambo ni nini?

Ni pop yenye imejengwa kwa sintesaiza na mashine za ngoma, si gitaa na dramu za kupigwa na mikono. Kraftwerk wa Düsseldorf, Ujerumani, ndio wanatajwa sana kama waanzilishi, na walikuwa na studio yao wenyewe inaitwa Kling Klang. Japan kulikuwa na Yellow Magic Orchestra, wenye albamu yao ya kwanza ilitoka 1978. Kufikia 1981, Uingereza ilikuwa imejaa hii sauti: The Human League waliachilia Dare, na Depeche Mode wakatoa Speak & Spell.

Ukiskia mtu anasema "sauti ya miaka ya 80", mara nyingi anamaanisha mashine chache tu:

- Roland TR-808, ilitengenezwa kati ya 1980 na 1983. Haina dramu zimerekodiwa ndani. Kila mlio unaundwa na saketi zake, ndio maana kiki yake ni ndefu na inavuma kama tumbo la subwoofer ya nganya.
- LinnDrum ya 1982. Hii yenyewe ilikuwa na sampuli za dramu za ukweli, kwa hivyo inagonga kavu na ngumu.
- Roland Juno-60 ya 1982. Inapiga noti 6 tu kwa wakati mmoja, na ina kitufe cha korasi chenye kinafanya sauti ipanuke na kuyumbayumba kidogo.
- Yamaha DX7 ya 1983. Hii ni dijitali, inatumia njia inaitwa FM, na ndio ilileta zile kengele na piano za kioo ziko kwa nyimbo nyingi za mapenzi za enzi hizo.

Mwaka huo huo wa 1983 ndio MIDI ilikuja, lugha ya kufanya mashine za kampuni tofauti ziongee pamoja. Lapi yako bado inatumia hiyo lugha hadi leo.

Kutengenezea ngoma keja si kitu ya jana

Kabla uanze kuona haya juu studio yako iko kati ya kitanda na jiko ya gesi, cheki hawa.

Mwaka wa 1978, Daniel Miller alirekodi ngoma mbili nyumbani London, akiwa na sintesaiza moja ya mtumba ya Korg na mashine ya kurekodi ya traki 4. Aliziachilia mwenyewe kwa jina The Normal, na kwa lebo yenye alikuwa amebuni tu, Mute Records. Aliandika anwani kwa kava, na watu wakaanza kumtumia kanda zao. Miaka michache baadaye hiyo lebo ya keja ndio iliwaachilia Depeche Mode.

Nigeria, kule Enugu, William Onyeabor alikuwa anajitengenezea muziki wa sintesaiza na kuuachilia kwa lebo yake mwenyewe, Wilfilms. Albamu zake zilitoka kati ya 1977 na 1985, halafu akawacha kabisa mambo ya muziki wa dunia na kuingia wokovu. Mwaka wa 2013 lebo ya Luaka Bop ya Marekani ilitoa mkusanyiko wa ngoma zake, na mbogi mpya kabisa ikaanza kumcheza.

Halafu kuna stori ya Ata Kak, msee wa Ghana mwenye alirekodi albamu inaitwa Obaa Sima akiwa nyumbani kwake Toronto, Canada. Ilitoka 1994 kwa kaseti, karibu nakala 50 tu. Haikuenda mahali. Mwaka wa 2002 Mmarekani mmoja, Brian Shimkovitz, aliinunua Cape Coast, na baadaye akaanzisha Awesome Tapes From Africa. Alimtafuta mwenye ngoma kwa miaka kadhaa ndio ampate. Walipokuja kuitoa upya 2015, kanda ya masta ilikuwa imeharibika, ikabidi watumie ile kaseti ya Shimkovitz. Shikilia hiyo stori, juu tutairudia mbele.

Na hapa kwetu, Just A Band walituonyesha zamani kwamba elektroniki ya Nairobi inaweza. Scratch to Reveal ilitoka 2008, 82 ikafuata 2009, na 2010 video ya Ha-He ikatupatia Makmende. Hawakungoja lebo kubwa iwaambie sawa.

Vifaa: usiuze sofa

Lapi yenye RAM ya GB 8 inatosha. Programu ya kurekodia, LMMS ni ya bure na inaingia Windows, Linux na Mac. Kama uko na Mac, GarageBand tayari iko ndani. Reaper inakupa siku 60 za kujaribu, na leseni ya mtu binafsi ni dola 60. Huna lapi? BandLab inafanya kazi kwa simu, bure.

Zile mashine za kitambo sai ni ghali kuliko nduthi. Usijisumbue, ziko na mapacha wao wa bure kwa kompyuta. Dexed inaiga DX7. TAL-U-NO-62 inaiga Juno. Surge XT na Vital zinafanya karibu kila kitu kingine. Sampuli za 808 na LinnDrum zimejaa kila mahali, lakini soma leseni ya kila pakiti kabla uitumie. Neno "bure" wakati mwingine linamaanisha bure ya kujifunzia tu, si ya kuuza.

Kenye utalazimika kununua ni hedifoni nzuri, maiki na kifaa cha kuunganisha maiki na lapi. Zunguka Luthuli Avenue, uliza bei maduka matatu kabla utoe pesa, na usiondoke kabla haijajaribiwa mbele yako.

Kupata ile sauti

Siri ya kwanza ni uchache. Sweet Dreams ya Eurythmics, ya 1983, ilirekodiwa kwa mashine ya traki 8. Wewe una traki mia, na hiyo ndiyo shida. Jipatie sheria: ngoma moja, mashine moja ya dramu, besi moja, sintesaiza mbili na sauti. Ukitaka kuongeza kitu, toa kingine.

Tempo weka kati ya 105 na 125. Dramu ziandike kwa hatua 16, kama vile 808 ilikuwa inafanya, na usizihamishe hamishe ndio zikae kama binadamu. Ugumu wake ndio utamu. Besi icheze noti fupi, moja juu moja chini, oktavu kwa oktavu. Sintesaiza ya pili iwache ijirudie kwa mpangilio mmoja kama nyuzi za cherehani. Sneya ipe mwangwi mkubwa halafu uukate ghafla. Huo mlio wa mlango wa godauni unafungwa ndio wasee wa 80s walipenda.

Na ongea kama mtu wa kwenu. Hakuna sheria inasema electropop lazima iwe ya mvua ya Manchester. Imba kuhusu mathree ya mwisho saa tano usiku, tokeni zimeisha, na mtu amekublutick. Mashine ni za kizamani, lakini stori si lazima ziwe.

Kurekodi sauti kwa ploti yenye kelele

Kama keja yako iko karibu na stage, rekodi kati ya saa nane na saa kumi na moja usiku. Zima friji na feni. Simama ukiangalia kabati imejaa nguo, na utundike blanketi nzito nyuma yako, juu maiki husikia zaidi kile kinagonga ukuta wa mawe na kurudi. Kaa sentimita 15 hadi 20 kutoka kwa maiki. Weka kiwango ndio sehemu ya juu kabisa ifike kati ya -10 na -6 dB, na urekodi kwa biti 24. Ongea na jirani mapema. Ni rahisi kuliko kuongea na keateka baadaye.

Stima inapotea bila notisi, so sevu kila dakika chache. Kila siku ukimaliza, weka nakala tatu: moja kwa lapi, moja kwa diski ya nje, moja kwa wingu. Kumbuka masta ya Ata Kak. Yake iliharibika, na ilibidi kaseti ya mtu mwingine ndio iokoe albamu yote.

Kumiksi na masta

Usimiksi siku ile umerekodi. Wacha ngoma ilale, masikio pia hulala. Ukirudi, anza na kiki, besi na sauti, halafu hizo zingine zitafute nafasi. Kiki na besi zikigombana, moja ipunguzwe chini, usipandishe zote.

Jaribu ngoma kwa hedifoni, kwa spika ya simu, na kwa gari ama nganya ya mtu unajua. Halafu ibane iwe mono. Kama sintesaiza imepotea, umezidisha korasi. Hii ni muhimu juu watu wengi watakuskia kwa simu yenye spika moja.

Kwa masta, Spotify husawazisha ngoma zifike -14 LUFS. Ukiisukuma ikapiga kelele kupita hapo, itashushwa tu na utabaki na ngoma imechoka. Acha nafasi ya angalau -1 dB juu. Kama una doh kidogo ya kutumia mahali pamoja, lipa mtu mwingine afanye masta. Masikio mapya yatashika makosa yenye yako imezoea.

Karatasi: hapa ndipo watu huchezwa

Kila ngoma ina haki mbili. Ya kwanza ni ya utunzi, yaani melodi na maneno. Ya pili ni ya rekodi yenyewe, ile wasee huita masta. Unaweza kumiliki zote, ama moja, ama ukapoteza zote.

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inakulinda kuanzia wakati kazi imerekodiwa ama kuandikwa. Si lazima uisajili ndio iwe yako. Lakini kuisajili na Bodi ya Hakimiliki, KECOBO, kunakupa ushahidi siku mtu atatokea akisema ni yake. Utunzi unalindwa maisha yako yote na miaka 50 baada ya kifo. Rekodi inalindwa miaka 50 tangu ilipotengenezwa.

Kama beshte yako alitengeneza biti na mwingine akaimba korasi, kaeni chini kabla ya kuachilia muandike asilimia. Karatasi moja, majina kamili, nambari za kitambulisho, sahihi. Ngoma ikiwa haina doh kila mtu ni ndugu. Ikianza kulipa, kila mtu anakumbuka vitu tofauti.

Mtu akija na mkataba, tafuta sentensi mbili. Unauza haki, ama unamkodishia? Na ni kwa muda gani? Hapa Kenya kuhamisha hakimiliki lazima iwe kwa maandishi, so hakuna mtu anaweza kukwambia ati mliongea kwa simu ukakubali. Na hiyo pia inamaanisha sahihi yako ina uzito. Usisaini usiku, usisaini baa, usisaini kwa gari.

Sampuli ya movie ya zamani, ama rhumba ya vinaili ya mzee? Omba kibali, ama uiache. Mashine za kutambua muziki huko YouTube hazijali kama ni sekunde nne.

Kwa mrabaha wa redio, matatu na kumbi, kuna mashirika ya kukusanya. MCSK imejulikana kwa watunzi, KAMP kwa wenye rekodi na PRISK kwa wenye kuimba na kupiga. Leseni za haya mashirika zimekuwa na vuta nikuvute mingi, kwa hivyo cheki na KECOBO nani ana leseni mwaka huu kabla ujiandikishe.

Kuchagua msambazaji

Huwezi peleka albamu Spotify ama Apple Music wewe mwenyewe. Unapitia msambazaji. Wako wa aina mbili. Wengine wanataka ada ya kila mwaka na kukuachia pesa yako yote ya strimu. Wengine hawaitishi kitu mwanzo, lakini wanakata asilimia. Uliza maswali haya:

- Nikiacha kulipa, ngoma zangu zitashushwa?
- Naweza kutoa pesa nikiwa Kenya, na kiwango cha chini ni ngapi?
- Mnafika Boomplay na Audiomack, ama ni Ulaya tu?

Kila ngoma itapewa ISRC, nambari ya herufi na tarakimu 12. Iandike mahali. Ukihama msambazaji, rudia hiyo hiyo ndio hesabu ya strimu zako isianze sufuri.

Bandcamp yenyewe haihitaji msambazaji. Unapakia, unaweka bei, wao wanakata asilimia 15 ya mauzo ya dijitali. Malipo hupitia PayPal, na PayPal unaweza kuiunganisha na M-Pesa. Mashabiki wa sintesaiza wa dunia wamejaa huko, na wamezoea kununua albamu nzima.

Skiza huingii moja kwa moja. Unapitia kampuni ya katikati, na mkataba wao pia usome kama ule mwingine.

Ratiba ya wiki 8

Wiki ya 1 na 2: maliza masta, jaza karatasi, tengeneza kava ya pikseli 3,000 kwa 3,000. Picha iwe yako, ama ya msee amekupa ruhusa kwa maandishi.

Wiki ya 3: pakia albamu kwa msambazaji na uchague tarehe.

Wiki ya 4: achilia singo ya kwanza. Chagua ile inaingia kichwani ndani ya sekunde 10.

Wiki ya 6: singo ya pili, na video hata kama ni ya simu. Rangi za neon na taa za CBD usiku zinatosha.

Wiki ya 7: pendekeza ngoma moja kwa wahariri wa Spotify kupitia akaunti yako ya msanii. Fanya angalau siku 7 kabla ya tarehe, la sivyo pia wafuasi wako wanaweza kukosa kuiona kwa plelisti yao ya mpya.

Wiki ya 8: angusha. Tuma linki moja tu, si saba.

Doh inatoka wapi kweli?

Tuwe wakweli. Spotify iliingia Kenya Februari 2021, lakini tangu 2024 ngoma yenye haijafika strimu 1,000 kwa miezi 12 hailipwi chochote kwa upande wa rekodi. Albamu ya ngoma 10 inaweza kuwa na 2 tu zinaingiza.

Sasa linganisha. Ukiuza nakala 40 Bandcamp kwa dola 5, hiyo ni dola 200. Toa asilimia 15, unabaki na dola 170 kabla ya makato ya malipo. Tuseme dola moja ni shilingi 130: hiyo ni karibu 22,100. Watu 40 wenye wanakupenda kweli wanalipa renti ya bedsitter. Strimu zinakutambulisha, lakini hao 40 ndio wanakulisha.

Jua pia kuna ushuru. Pesa yenye inatoka kwa wasikilizaji wa Marekani inaweza kukatwa hadi asilimia 30, juu Kenya haina mkataba wa ushuru na Marekani. Jaza fomu ya W-8BEN vizuri wakikuitisha. Na KRA pia wanahesabu mapato ya muziki kama mapato mengine.

Mitego ya kuhepa

Msee akikwambia anakuuzia strimu elfu kumi kwa ngiri mbili, mblock. Hizo ni roboti. Spotify hutoza wasambazaji faini kwa strimu bandia, na msambazaji atakushukia wewe: ngoma inashushwa na pesa inazuiliwa. Umelipa ndio albamu yako ifutwe.

Hivyo hivyo na "lebo" yenye inataka umlipe ndio ikusaini. Lebo hutoa pesa. Yenye inaitisha ni duka.

Kabla ubonyeze, hakikisha

- Masta ziko mahali tatu.
- Asilimia zimeandikwa na kusainiwa.
- Majina ya watunzi yameandikwa sawa kwa kila ngoma.
- ISRC zimehifadhiwa.
- Imeili yako iko kwa wasifu wa kila mtandao, na ni imeili utakuwa nayo bado miaka 10 ijayo.

Hiyo ya mwisho usiiruke. Shimkovitz alikuwa na kaseti ya Ata Kak mkononi na bado alichukua miaka kumpata mwenyewe. Albamu yako inaweza kukaa kimya mwaka huu, na mwaka ujao pia. Siku msee fulani ataipenda, hakikisha anajua pa kutuma doh.